Tundu la chungu: Namna ya kuzuia maji kutuama katika vyombo vya kupandia mimea

Masika yanapoanza katika Pwani ya Kenya, mboga nyingi zilizopandwa kwenye ndoo, makopo na mitungi iliyokatwa hunyauka ilhali udongo wake umelowa chepechepe. Mwenye bustani huyaona majani yamelegea, akadhani mmea una kiu, naye akaongeza maji. Siku chache baadaye mmea hung'oka kwa kuvutwa kidogo tu, na mizizi yake huonekana ya kahawia, laini, yenye harufu ya uvundo. Kilichouua si kiu bali ni ukosefu wa hewa.

Huko Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya mji wa Mombasa katika Kaunti ya Kilifi, tatizo hili si dogo. Kilimo cha vyombo si pambo la wenye nyumba za ghorofa pekee. Zipo familia ambazo kipande chao cha ardhi kimejaa minazi na mihogo, na nyingine zimepanga chumba karibu na barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Zote hutegemea mchicha, mnavu, sukuma wiki na pilipili za kwenye vyombo vilivyopangwa uani. Mizizi ikioza katika ndoo moja, mbegu, samadi na maji ya kununua huwa yamepotea kwa pamoja.

Udongo wenyewe huchangia. Upande wa mashariki wa vilima hivyo kuna miamba laini iliyotokana na tope la kale, ambayo huzaa udongo mzito wa mfinyanzi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa kaskazi inapovuma. Juu ya mawe ya mchanga ya Mazeras, udongo ni wa kichanga na hupitisha maji upesi. Watu wawili wanaoishi umbali mfupi, wakijaza ndoo zinazofanana kwa udongo wa nyuani mwao, watapata matokeo yasiyofanana hata kidogo. Ndiyo sababu ushauri wa jirani katika jambo hili haufai kufuatwa kabla ya kuutazama udongo wake.

Mizizi huvuta hewa kama kiumbe kingine chochote kilicho hai. Baina ya punje za udongo kuna nafasi: zilizo ndogo hushika maji, zilizo kubwa huyaachia na kujazwa hewa. Maji yakijaa nafasi zote, oksijeni haifiki mizizini ila kwa taabu, kwa kuwa ndani ya maji hupenya polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Mzizi uliokosa oksijeni hushindwa kufyonza maji hata ukiwa umezama ndani yake, na hapo jani hunyauka kana kwamba kuna ukame. Kisha huja vimelea vya jamii ya Pythium na Phytophthora, ambavyo vijimbegu vyake huogelea majini, vikaumaliza mmea uliokwisha kudhoofika.

Shambani maji ya ziada huvutwa na udongo ulio chini zaidi, hatua kwa hatua, hadi mbali na mizizi. Chungu kina sakafu, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mambo yote yanayofuata.

Hatua ya kwanza ni tundu, na wengi hulifanya dogo mno au moja tu. Ndoo ya lita 20 yahitaji matundu matano au sita, kila moja likiwa na upana wa milimita 10 hivi, yaliyotawanywa kwenye sakafu yote badala ya kukusanywa katikati. Keekee hufanya kazi safi. Asiye nayo hutumia msumari mnene au kipande cha nondo kilichotiwa moto, akiwa mahali pa wazi kwa sababu moshi wa plastiki una madhara. Mkebe wa bati hutobolewa kutoka ndani kwenda nje, ili kingo kali zisizuie maji kwa ndani. Chungu cha udongo uliochomwa hupasuka kikigongwa kwa msumari. Hulowekwa kwanza, kisha hutobolewa taratibu kwa keekee.

Tundu likiwa tayari, chombo kinachokaa moja kwa moja juu ya saruji bado huweza kujiziba. Sakafu ya ndoo hugandamana na sakafu ya ua, na maji hukosa pa kutokea. Dawa yake ni vipande vitatu vya mawe au matofali chini ya chombo, kikae juu kidogo tu, kiasi cha kidole kupita. Wengine huongeza matundu ubavuni, sentimita mbili au tatu kutoka chini, na hilo husaidia pale chombo kinapolazimika kukaa juu ya ardhi tupu yenye tope.

Ili udongo usitoroke na maji, kipande cha chandarua kuukuu huwekwa juu ya tundu. Kigae kilichopinda, mgongo ukiwa juu, hufanya kazi hiyo hiyo, na Rabai ambako nazi hazikosekani, kipande cha kifuu hakina kasoro yoyote.

Swali la kokoto limeleta mabishano ya miaka mingi. Karibu kila mtu aliyefundishwa kupanda maua chunguni aliambiwa aweke kwanza tabaka la kokoto au vigae ili maji yashuke vizuri. Wanasayansi wa udongo walilipinga jambo hilo kwa hoja nzito. Maji hayaondoki katika udongo wa punje ndogo na kuingia katika nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ule ujae kabisa, kwa sababu vijinafasi vidogo huyashika maji kwa nguvu kuliko vile vikubwa. Hivyo maji yaliyopaswa kukaa juu ya sakafu ya chungu hukaa juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, ni miongoni mwa waliolieneza fundisho hilo kwa wakulima wa bustani.

Anayetaka kuona maji yanayobaki chini ya chungu achukue kipande cha sponji chenye umbo la tofali. Akilowe hadi kijae, kisha akilaze juu ya kiganja mpaka matone yakome. Akisimamishe kwa ubavu mrefu: matone huanza upya. Akikisimamisha wima, hutoka mengine tena. Sponji ni ile ile na maji ni yale yale, ila kimo kimebadilika. Sehemu ya chini iliyojaa maji ina unene ambao hutegemea namna sponji ilivyo, si urefu wake. Katika chombo kirefu sehemu hiyo huwa mbali na mizizi mingi. Katika karai la kina kifupi huenda ikawa nusu ya udongo wote. Ndiyo sababu karai na beseni ni vyombo vibaya kwa pilipili na biringanya wakati wa masika, hata vikitobolewa kama chujio, ilhali mchicha wa kukatwa mapema huweza kuvumilia.

Hata hivyo, kesi ya kokoto haijafungwa. Mwaka wa 2025 jarida la kisayansi la PLOS ONE lilichapisha majaribio yaliyolinganisha vyungu vyenye tabaka la chini na visivyokuwa nalo, na katika vipimo vingi tabaka hilo lilipunguza kiasi cha maji yaliyobaki katika udongo, hasa lilipokuwa nene. Kwa mkulima wa Rabai mzozo huu una maana moja ya kivitendo. Kokoto si sumu, lakini hula nafasi ya mizizi na huongeza uzito, wala haziwezi kuuokoa udongo mbaya. Ndoo ya sentimita 35 iliyowekwa kokoto za sentimita 10 imebaki na sentimita 25 za kupandia. Nguvu hiyo ingetumika vyema zaidi katika kuchanganya udongo wenyewe.

Udongo wa mfinyanzi ukitiwa peke yake chomboni hugeuka tofali. Wengi hujaribu kuurekebisha kwa konzi chache za mchanga, na hapo huuharibu zaidi, kwa sababu punje za mfinyanzi hujaza nafasi baina ya punje za mchanga, mchanganyiko ukawa kama wa mjenzi. Mchanga huleta faida pale tu unapokuwa mwingi, nusu ya ujazo au zaidi, na uwe wa chenga kubwa. Mchanga wa mtoni uliooshwa unafaa. Wa ufuoni una chumvi, tena una vipande vya makombe na matumbawe vinavyoongeza chokaa, jambo ambalo huifanya mimea isiyopenda chokaa kugeuka manjano.

Huko Uingereza, katika miaka ya 1930, watafiti wa taasisi ya John Innes walikabiliwa na tatizo la namna hii, wakatoa mchanganyiko ambao jina lake linatumika hadi leo: sehemu saba za udongo tifutifu, tatu za mboji ya vinamasini na mbili za mchanga wa chenga, pamoja na mbolea. Pwani haina mboji ya vinamasi vya baridi, lakini ina makumbi ya nazi, ambayo duniani yamekuwa mbadala mkuu wa mboji hiyo.

Makumbi yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo Rabai ina utajiri ambao wengi huutia moto. Ndani ya kumbi kuna vitu viwili: nyuzi ndefu, yaani usumba, na unga laini unaozishikamanisha. Unga hunywa maji mara kadhaa ya uzito wake. Nyuzi na vipande vilivyokatwakatwa huacha nafasi za hewa. Anayepanda wakati wa masika atumie zaidi vipande na nyuzi. Anayepanda kaskazi, jua likiwa kali, aongeze unga. Kumbi zima lililolazwa chini ya chungu hufanya kazi ya hifadhi ya maji, jambo zuri mwezi wa Februari na baya mwezi wa Mei.

Kuna tahadhari mbili. Makumbi yaliyozikwa katika mchanga wa ufuoni kwa miezi ili kulainishwa kwa kusokota kamba, kama ilivyo desturi ya Waswahili wa pwani na visiwani, huwa yameshiba chumvi ya bahari. Hata yale ya shambani huwa na chumvi zake za asili. Yote hulowekwa katika maji baridi na kumwagwa mara mbili tatu kabla ya kutumiwa. Pili, makumbi mabichi yanapooza hunyang'anya mimea nitrojeni, kwa hiyo hurundikwa pamoja na samadi kwa miezi michache kwanza.

Mchanganyiko wa kuanzia kwa mboga za majani waweza kuwa sehemu mbili za udongo wa juu, mbili za makumbi yaliyokatwa na kuoshwa, moja ya samadi iliyoiva na moja ya mchanga wa chenga au chenga za makaa. Mwenye udongo wa kichanga hapunguzi samadi, bali huondoa mchanga. Mshubiri na mimea mingine ya ukame huhitaji mchanga mwingi zaidi. Mrihani na mchaichai hukubali mchanganyiko wa kawaida.

Udongo mweusi wa msituni, unaopendwa na wanaootesha miche, hautakiwi kuchotwa kayani. Misitu ya kaya za Wamijikenda, zikiwemo za Rabai, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco mwaka wa 2008, na kabla ya hapo mila ilikuwa imekwisha kuilinda kwa karne nyingi. Majani makavu ya mwembe yaliyorundikwa uani kwa mwaka mmoja hutoa mboji ya kutosha.

Kuhusu aina ya chombo, chungu cha udongo uliochomwa hupumua. Kila aliyekunywa maji ya mtungini anajua baridi yake: maji hupenya ukutani na kukauka kwa nje. Jambo hilo hilo hukausha udongo wa chunguni haraka, hivyo chungu cha aina hiyo humsamehe anayemwagilia kupita kiasi na humwadhibu msahaulifu. Plastiki na bati havipumui. Bati jeusi juani, zaidi ya hayo, huunguza mizizi ya upande wa magharibi, na wengi hulaumu maji bure.

Yapo pia magunia, ambayo yalipata umaarufu katika mitaa ya Nairobi kama Kibera kuanzia mwaka wa 2008, shirika la Solidarités International lilipoyahimiza baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi. Gunia hujengwa kwa mkebe usio na kitako: mkebe husimamishwa katikati, ukajazwa mawe, udongo ukatiwa kandokando, kisha mkebe huvutwa juu na kujazwa tena, hata ikapatikana nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Hapa mawe yana faida isiyo na ubishi, maana hayakulazwa chini ya udongo bali yanapita katikati yake, yakipeleka maji kwenye miche ya ubavuni na kuyatoa ya ziada.

Lipo jambo jingine linaloyafanya maji ya chunguni kuwa suala la afya, na katika jambo hilo jina la Rabai linajulikana katika maabara za mbali. Katika miaka ya 1970, wanasayansi Milan Trpis na Walter Hausermann walichunguza huko mbu aitwaye Aedes aegypti, wakakuta makundi mawili ya mbu huyo mmoja. Kundi moja lilikaa nyumbani na kuzaliana katika mitungi ya maji iliyowekwa ndani; jingine lilikaa msituni na kuzaliana katika mashimo ya miti. Walipowatia alama na kuwaachilia, mbu wa nyumbani walikuwa wepesi zaidi kurudi majumbani kuliko wenzao wa msituni. Mwaka wa 2014 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Carolyn McBride, uliotumia mbu waliotoka Rabai, ukaonyesha kwamba tofauti ya makundi hayo inahusiana na kipokezi cha harufu kinachotambua kemikali ya sulcatone, ambayo ni nyingi katika harufu ya mwanadamu.

Mbu huyo ndiye aenezaye homa ya dengue na chikungunya. Chikungunya ililipuka Lamu mwaka wa 2004 na kufika Mombasa, ikarejea Mombasa mwishoni mwa 2017. Dengue imezuka Mombasa mara kadhaa, miongoni mwazo mwaka wa 2013, 2017 na 2021. Mbu huyu hahitaji dimbwi. Kisahani chenye maji kilichowekwa chini ya chungu cha asumini, au ndoo iliyozibika tundu na kubakiza maji juu ya udongo, humtosha. Katika joto la Pwani, yai hufikia kuwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi hivi.

Kumwaga maji ya kisahani mara moja kwa wiki ni lazima, lakini hakutoshi. Mayai hugandishwa ukutani, juu kidogo ya maji, nayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingojea mvua. Kisahani husuguliwa kwa brashi. Wakati wa masika na vuli ni heri visahani viondolewe kabisa. Kaskazi vyaweza kurudishwa, vikijazwa mchanga ili maji yasionekane juu.

Baadhi ya wakulima, wakishaogopa maji kutuama, hukimbilia kumwagilia kidogo kidogo. Hilo nalo lina hasara pale maji yanapokuwa ya kisima chenye magadi, kama ilivyo sehemu nyingi za Kilifi na Malindi. Mmea hunywa maji na kuacha chumvi, na baada ya majuma machache ukoko mweupe huonekana kwenye kingo za chungu, ncha za majani zikakauka. Maji mengi yanayotoka chini ndiyo yanayobeba chumvi hiyo. Panapo kisima cha chumvi, kila umwagiliaji hufikishwa mpaka sehemu ya kumi au zaidi ya maji itokee matunduni, na mvua ya kwanza ya vuli huachiwa ioshe vyombo vyote. Chombo kisicho na tundu hakiwezi kuoshwa hata na masika ya Mei.

Kupima ubora wa mchanganyiko hakuhitaji maabara. Matundu huzibwa kwa gundi ya karatasi au vizibo, chombo hujazwa mchanganyiko, kisha maji hutiwa polepole mpaka yaonekane juu, na kuachwa kwa saa moja. Matundu yanapozibuliwa, maji yanayotoka hukingwa na kupimwa. Nafasi iliyoachwa na maji hayo ndiyo hewa ya mizizi. Chombo cha lita 10 kitoe lita moja hadi mbili. Kikitoa nusu lita, mchanganyiko ni mzito, yafaa kuongezwa vipande vya makumbi au makaa. Kikitoa lita tatu, kitakauka kabla ya adhuhuri.

Kabla ya kumwagilia, kidole huingizwa udongoni hadi kiungo cha pili. Uso wa udongo hudanganya, kwa sababu upepo wa kusi huukausha ilhali chini bado ni chepechepe. Njia nyingine ni kukiinua chombo: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mkono huzoea upesi kutofautisha ndoo iliyoshiba na iliyokauka.

Mmea uliokwisha kunyauka katika maji haufi wote kwa mara moja. Hutolewa na udongo wake, ukawekwa juu ya magazeti au gunia kavu kivulini kwa saa kadhaa ili maji yafyonzwe. Mizizi ya kahawia iliyolainika hukatwa kwa kisu kilichooshwa, majani hupunguzwa kwa kiasi hicho hicho, na mmea hupandwa upya katika udongo mwingine, katika chombo kidogo kuliko cha awali. Hautiwi mbolea kwa majuma mawili au matatu. Udongo ule wa zamani husambazwa juani kwenye bati hadi ukauke kabisa, na haurudishwi katika chombo cha nyanya, pilipili wala biringanya.